Bandari kuukuu usiiuze kwa mkupuo: niliyoyaona Hamburg

Mkuu, umeuliza kwa nini serikali isimkabidhi mwekezaji mmoja eneo lote la maghala chakavu ya bandarini, alipe mara moja, ajenge mji mpya na yaishe. Mimi ni fundi umeme, nimekula vumbi la HafenCity, mtaa mpya uliojengwa kwenye bandari kuukuu pale Hamburg, Ujerumani, miaka kadhaa nikivuta nyaya. Acha nijibu kwa niliyoyaona.

Eneo lile lilikufa kwa sababu ya kontena. Meli za kontena zilitaka nafasi kubwa, shughuli zikahamia ng'ambo ya kusini ya mto Elbe, huku nyuma, mwendo wa miguu tu kutoka katikati ya jiji, zikabaki hekta 157 za gati, reli na maghala. Sehemu nyingine palikuwa na kiwanda cha gesi, udongo umeshiba lami. Sasa sikiliza ujanja wao. Kabla meya Voscherau hajatangaza mpango mwaka 1997, kampuni ya jiji ilikuwa imeshanunua kimyakimya majengo na haki za wapangaji. Habari ingevuja mapema, kila mwenye banda bovu angetaja bei ya ikulu.

Kisha wakauza kiwanja kimoja kimoja, kuanzia magharibi kwenda mashariki. Anayeshinda halipi siku hiyo hiyo wala hapewi hati. Anashikiwa kiwanja kwa mwaka hivi, ashindanishe wasanifu, apate kibali cha ujenzi, ndipo alipe. Akilegalega, jiji linachukua kiwanja chake. Walanguzi wanaokalia ardhi wakingoja ipande bei hawana pa kushika hapo.

Na hilo wazo lako la mtu mmoja lilijaribiwa kidogo. Überseequartier, kipande cha katikati, kilikabidhiwa kundi moja la wawekezaji. Kaskazini pakajengwa, kusini pakadoda baada ya msukosuko wa fedha duniani. Treni ya chini ya ardhi ilianza kufika hapo 2012. Nilikuwa nashuka asubuhi, napanda ngazi, natokea kwenye uwanja wa mchanga na upepo. Ilibidi aje mwekezaji mwingine 2014, na maduka yakafunguliwa 2025. Piga hesabu mwenyewe.

Halafu kuna maji, jambo ambalo kwenye michoro ya rangi huwa halionekani. Mafuriko ya 1962 yaliua watu zaidi ya 300 Hamburg. HafenCity hawakuizungushia tuta. Waliinua barabara na majengo hadi mita kama nane juu ya usawa wa bahari, magari yakaegeshwa ndani ya huo mwinuko, na njia za kutembea kando ya gati zikaachwa chini zilowe. Desemba 2013, tufani ya Xaver ilipokuja, maji yalizidi kimo cha 1962. Tulikuwa tumeambiwa tupandishe vifaa juu. Mimi nikaacha rola mbili za waya kule chini, nikijua nitazifuata baada ya chai. Sikuziona tena, na msimamizi alinikata kwenye mshahara, haki yake.

Usidhani nawapamba. Miaka ya mwanzo jioni palikuwa kimya kama shule siku ya likizo, na kodi za nyumba zilikuwa za wenye nazo. Sharti la theluthi ya nyumba kuwa za ruzuku lilikuja baadaye. Ukumbi wa muziki wa Elbphilharmonie, uliopandishwa juu ya ghala la zamani la kakao, ulitajwa kulibebesha jiji euro milioni 77. Ikaishia milioni 789. Kwetu tungesema kuna mtu kapiga, kule waliunda kamati ya bunge kuchunguza.

Sasa hilo eneo lako: hati anazo nani, na wapangaji wa maghala wana mikataba ya miaka mingapi? Kama una ramani iweke hapa, na kimo cha ardhi juu ya bahari kiwemo, maana bila hicho tutakuwa tunapiga soga.