Aliyetoa pasi naye aandikwe

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki nimelala nalo siku mbili. Mmeuliza kama pointi 100 alizofunga Wilt Chamberlain katika mchezo mmoja wa NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, tarehe 2 Machi 1962, ni rekodi halali au mchezo ulipindishwa ili mtu mmoja apate jina. Kwangu jambo hilo huanzia mezani, kwa mwenye kalamu anayeandika alama, maana nimewahi kukaa hapo.

Philadelphia Warriors, timu ya Wilt, 169, New York Knicks 147, katika mji mdogo wa Hershey, Pennsylvania, mbele ya watazamaji 4,124. Televisheni haikuonyesha mchezo ule. Wilt alicheza dakika zote 48, akatupa mara 63 na kuingiza 36. Mitupo huru, ile ya kulipia faulo, akaingiza 28 kati ya 32, yeye ambaye katika maisha yake yote ya uchezaji alikosa karibu nusu ya mitupo hiyo. Ribaundi, yaani mipira iliyokosa kikapu akaidaka, 25. Robo ya kwanza pointi 23, ya pili 18, ya tatu 28, ya mwisho 31. Baadaye Harvey Pollack, mtunza takwimu wa Warriors, akaandika 100 kwenye kipande cha karatasi na Wilt akapigwa picha amekishika.

Wanaosema si halali wana hoja. Robo ya nne Knicks waliwafanyia faulo wachezaji wengine wa Warriors makusudi, mpira usimfikie Wilt. Warriors nao wakawafanyia faulo Knicks, ili mpira uwarudie upesi. Huo si mpira wa kikapu niliofundishwa, na nilipoanza kuandika barua hii nilikuwa upande wao kabisa.

Mwaka 2004 nilikuwa karani wa alama katika fainali ya wasichana wa sekondari, hapa Tanga. Uwanja wa saruji, ringi moja imeinama, upepo wa bahari unapeperusha karatasi hadi nikaibana kwa jiwe. Karatasi ile ya kimataifa ina utaratibu wake: kalamu nyekundu robo ya kwanza na ya tatu, ya bluu robo ya pili na ya nne. Kikapu cha kawaida unakata mstari wa mshazari, mtupo huru unaweka nukta nzito, kikapu cha pointi tatu unaizungushia duara namba ya mchezaji. Halafu faulo. Basi. Hakuna mahali pa kumwandika aliyetoa pasi.

Timu moja ilikuwa na binti mrefu, namba 11, na mwingine mdogo wa umbo, namba 5. Huyu mdogo aliiona njia kabla haijafunguka. Macho kushoto, mpira unakwenda kulia. Robo ya pili uvumilivu ukanishinda, nikachukua penseli nikaanza kuchora vijiti pembeni, kijiti kimoja kwa kila pasi yake iliyozaa kikapu. Kufikia robo ya nne walikuwa mbele kwa zaidi ya pointi 30, na wanafunzi waliozunguka uwanja wakawa wanamwimbia namba 11 afikishe 40. Dakika ya mwisho namba 5 akanyakua mpira katikati ya uwanja, mbele yake hakuna mtu. Akafika chini ya ringi, akasimama. Akageuka, akamngoja mwenzake aje mbio, akampa. Arobaini. Vigelegele vikarindima hata filimbi ya mwisho sikuisikia.

Vijiti vyangu vilikuwa 17. Msimamizi wa meza alipopitia karatasi kabla ya kusaini akaniambia, “Mwanangu, futa hayo, karatasi rasmi haichorwi.” Kwa kanuni alikuwa sahihi. Nikafuta, ikabaki rangi ya kijivu na pale pembeni pakachubuka. Ndipo namba 5 akaja mezani, jasho linamtiririka, akauliza, “Kaka, mimi nimepata ngapi?” Nikatazama karatasi. “Nne.” Akasema, “Haya, asante,” akaenda kuwasaidia wenzake kukusanya jezi. Sikumwambia habari ya vijiti. Mpaka leo linaniuma.

Kwa hiyo nikisoma jedwali la Hershey, jicho langu linawatafuta wenzake Wilt. Linamtafuta Guy Rodgers: pointi 11, asisti 20, yaani pasi zilizozaa vikapu. Linamtafuta Al Attles, aliyetupa mara 8 na zote 8 zikaingia, na mtupo huru wake mmoja ukaingia pia. Kisha Joe Ruklick: pointi sifuri, asisti moja. Asisti hiyo ndiyo iliyomtoa Wilt kwenye 98 na kumfikisha 100, zikiwa zimebaki sekunde 46, na Ruklick alikimbilia mezani kuhakikisha kwamba wameiandika. Yeye aliandikiwa.

Hapo ndipo msimamo wangu unapolegea. Miaka yote nimesema namba 5 alidhulumiwa. Karatasi ilimdhulumu, ndiyo, na mimi niliyefuta. Lakini kikapu kile cha mwisho hakuna aliyempora. Alikuwa peke yake chini ya ringi, akaamua kumngoja mwenzake. Nikisema leo kwamba 40 zile si halali, nitakuwa nimeifuta pasi yake mara ya pili. Na za Hershey ni vivyo hivyo, maana Rodgers na Ruklick walijua wanampa nani na kwa nini.

Basi naandika: ni halali. Ila zile faulo za robo ya mwisho sizipendi, na mtoto wangu sitamfundisha. Na msisahau kwamba Phil Jordon, senta wa Knicks, hakucheza usiku ule, na Darrall Imhoff aliyemkaba Wilt alitolewa kwa faulo akiwa amecheza dakika 20 tu. Angekuwapo Jordon, pengine tungekuwa tunazungumzia 80. Kwa upande mwingine, NBA ilianza kuhesabu bloku msimu wa 1973–74, hivyo mipira aliyoizuia Wilt kule Hershey haimo katika takwimu rasmi. Hata yeye karatasi ilimpunja.

Mkichapisha jedwali la mchezo ule toleo lijalo, tafadhali msiishie kwenye mstari wa Wilt. Wekeni na wa Rodgers, na ule wa Ruklick wenye sifuri.

Msomaji wenu,
Tanga