Muulize Fundi: Pima Tundu, Usipime Kifuniko

SWALI: Fundi wetu, shikamoo. Mimi ni mkazi wa Minneapolis, Marekani, na mwaka jana mimi na mume wangu tulinunua nyumba iliyojengwa mwaka 1954. Kila chumba kina tundu sakafuni linalotoa hewa ya moto wakati wa baridi, na juu yake pana kifuniko cha bati kilichopakwa rangi mara nyingi hata luva zake hazisogei tena. Nilipima kifuniko kimoja nikapata inchi 5 na nusu kwa inchi 11 na nusu, nikaona nichukue saizi iliyo karibu zaidi, yaani 6 kwa 12, nikanunua vifuniko 9 vya kisasa vya rangi nyeusi. Hakuna hata kimoja kilichoingia. Nimekosea wapi? Je, vya mbao vinafaa, maana sakafu yangu ni ya mwaloni? Na ule wavu mkubwa wa ukutani kwenye korido, ambao hautoi hewa bali huivuta, nao niubadilishe vivyo hivyo?

JIBU: Marahaba, dada. Vifuniko hivyo virudishe dukani kabla risiti haijapotea, kwa sababu havitaingia hata ukivipiga nyundo. Saizi inayoandikwa kwenye boksi si ya uso wa kifuniko unaouona, bali ni ya tundu lililo chini yake. Kifuniko cha tundu la inchi 4 kwa 10, ambalo ni sawa na sentimita 10 kwa 25 hivi na ndiyo saizi iliyoenea sana, huwa na uso unaozidi tundu kwa takribani inchi moja na nusu katika upana na vivyo hivyo katika urefu, ili ukingo wake upate pa kukaa juu ya sakafu. Kwa vipimo ulivyonitajia, karibu nina hakika kwamba matundu yako ni ya 4 kwa 10. Hata hivyo usiagize kwa kunisikiliza mimi. Ng'oa kila kifuniko, ingiza futi ndani ya tundu lenyewe, upime upana na urefu wa ndani wa bati kutoka ukingo hadi ukingo, kisha uandike kipimo cha kila chumba peke yake, kwa kuwa katika nyumba ya umri huo si ajabu kukuta chumba kimoja kina 4 kwa 12 na bafu lina tundu jembamba la inchi 2 na robo kwa 10. Pima pia kina, kwa maana kisanduku cha luva hushuka chini ya sakafu, na pale ambapo njia ya hewa inakata kona mara tu baada ya tundu, kisanduku kirefu hugonga bati na kifuniko kikabaki kimeinuka.

Wasomaji wetu wa Dar es Salaam na Mombasa huenda wanajiuliza tunazungumzia tundu gani, kwa hiyo nieleze kidogo. Nyumba nyingi za Amerika Kaskazini hupashwa joto na hita moja kubwa, ambayo mara nyingi hukaa katika chumba cha chini ya ardhi, na feni yake husukuma hewa ya moto kupitia njia za bati hadi kwenye matundu ya kila chumba. Matundu hayo kwa kawaida huwekwa chini ya dirisha kwa sababu hewa baridi huteremka kwenye kioo, nayo hewa ya moto hupanda kukutana nayo. Luva za kifuniko ni binamu wa luva za madirisha tunayoyajua kwetu: unazisogeza kwa kidole ili kupunguza hewa au kuielekeza upande.

Kabla hujang'oa vilivyobaki, lipo jambo la usalama. Nchini Marekani rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku kwa matumizi ya majumbani mwaka 1978, na nyumba yako ni ya 1954; basi uichukulie rangi ile kuwa na risasi mpaka vipimo vikanushe. Usiikwangue ikiwa kavu wala usiipige msasa, hasa ikiwa kuna watoto wanaotambaa. Pitisha kisu taratibu kwenye mshono ambapo rangi imegandisha kifuniko na sakafu, kiinue, kisha futa vumbi kwa kitambaa chenye maji. Ukikuta njia ya bati imezungushiwa kitu cheupe au cha kijivu kinachofanana na karatasi nene, usikiguse, kwa sababu katika nyumba za miaka hiyo huenda ikawa ni asbesto. Mwite mtaalamu aje akichunguze.

Tundu likiwa wazi, utaona jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama: kati ya ukingo wa bati na mbao za sakafu huwa pana mwanya, na hewa uliyoilipia hupotelea humo. Uzibe kwanza kwa tepu ya foili ya alumini au kwa gundi nzito ya njia za hewa inayopakwa kwa brashi. Ile tepu ya kijivu ya kitambaa, ambayo kwa Kiingereza huitwa “duct tape”, yaani tepu ya njia za hewa, kana kwamba ilitengenezwa kwa kazi hii, haifai kabisa. Mwaka 1998 watafiti wa maabara ya taifa ya Lawrence Berkeley, California, walijaribu aina mbalimbali za vizibo kwenye viungo vya njia za hewa, na tepu ya kitambaa ndiyo iliyoshindwa vibaya. Mimi naamini kazi hii ya dakika 10 kwa kila tundu ina faida kuliko kifuniko chenyewe.

Mbao zinafaa sebuleni na vyumbani, na mwaloni utapendeza, lakini kuna aina mbili zisizopaswa kuchanganywa. Aina ya kwanza hukaa juu ya sakafu kwa ukingo wake, na hiyo unaiweka mwenyewe kwa mkono. Ya pili hulala sawasawa na sakafu bila kuinuka hata kidogo, na huwekwa wakati sakafu inapotandikwa. Kuiingiza baadaye ni kukata mbao zilizokwisha kupigiliwa, kazi ambayo mimi nisingeianza kwa ajili ya urembo. Bafuni weka alumini au plastiki, kwa sababu bati la kawaida hupata kutu na mbao huvimba. Vifuniko vya chuma cha kusubu ni vizito na vizuri mno, ila uvitazame dhidi ya mwanga kabla ya kulipa: kama maua na nakshi vimekula nafasi kubwa kuliko matundu, hewa itapita kwa shida na chumba kitachelewa kupata joto.

Wavu wa korido uko mbali na hayo yote. Huo ndio mdomo ambao hita huvutia hewa ili iipashe tena joto, na haupaswi kuwa na luva za kufunga. Nunua wavu ulio wazi wa saizi ya tundu lake, ufunge kwa skrubu, na usiegemeze kabati mbele yake. Kwa sababu hiyo hiyo ya mzunguko wa hewa, usifunge matundu mengi ya vyumba visivyotumika ukidhani unaokoa gesi: shinikizo huongezeka ndani ya njia, hewa huvuja zaidi kwenye viungo, na hita inaweza kupata joto kupita kiasi ikajizima.

SWALI: Ninapanga nyumba Toronto, Kanada. Mwanangu wa miaka miwili hung'oa kifuniko cha sebuleni na kutumbukiza vijiko. Sakafu ni ya vibao vya kupachikana visivyopigiliwa misumari. Je, nibadilishe kifuniko kisha nikifunge kwa skrubu?

JIBU: Usitoboe sakafu hiyo, ndugu yangu. Vibao vya namna hiyo hutanuka na kunywea kadiri majira yanavyobadilika, na ukivibana kwa skrubu pembeni mwa tundu vitainuka kwingine. Tena sakafu si yako. Kata kipande cha wavu wa waya wenye macho ya nusu inchi, kikubwa kidogo kuliko tundu, ukunje kingo zake ziteremke ndani ya bati, kisha urudishe kifuniko juu yake. Kijiko kitakwama hapo na hewa itapita. Usitumie wavu wa mbu, kwa kuwa macho yake madogo huziba kwa nyuzi na nywele ndani ya wiki chache. Chuma cha kusubu kingemshinda mtoto kukiinua leo, lakini siku atakapokiweza kitamwangukia mguuni, kwa hiyo chagua cha bati chepesi. Mjulishe mwenye nyumba kabla ya kubadilisha, na kile cha zamani kiweke kwenye boksi, uje ukirudishe siku utakapohama.