Ukiseti kompyuta irekodi kipindi usiku, angalia saa kwanza

Jamani wenzangu wa redio za mikoani, leo nataka tuongee hii kitu ya kuiachia kompyuta irekodi kipindi yenyewe wakati studio hakuna mtu, maana mi ni fundi mitambo huku Mbeya na kila nikikutana na wenzangu wa Tukuyu, Makambako au Iringa wanalalamika softwea haifai, haijarekodi, imerekodi vitu vingine, na mara nyingi nikienda kuangalia nakuta softwea ni nzima kabisa ila imepewa saa siyo.

Sisi yalitukuta kwenye kipindi cha afya ya mama na mtoto. Kinaenda hewani saa 3 usiku, alafu marudio saa 11 alfajiri kwasababu akina mama wengi wanaopeleka ndizi na viazi sokoni wanakuwa wameshaamka muda huo na redio ipo jikoni. Siku hiyo alikuja nesi kutoka Rungwe, katoka mbali, akaeleza vizuri sana dalili za hatari kwa mjamzito, yaani kutokwa damu, kichwa kuuma sana na kuona marue rue, kuvimba uso na mikono, mtoto kuacha kucheza tumboni. Kijana wetu aliyeseti rekodi aliandika 03:00. Kompyuta ikatii ilichoambiwa, ikarekodi saa 9 usiku, na saa 9 usiku sisi tunapiga muziki tu, kwahiyo alfajiri ikapigwa jingo (ule wimbo mfupi wa utambulisho) ya kipindi cha afya alafu zikafuata nyimbo dakika 45. Maneno ya yule nesi hayakubaki popote. Iliniuma sana kwakweli, ikabidi tumpigie tumuombe arudi, na alirudi, Mungu ambariki.

Kijana hakuwa mjinga. Sisi tunahesabu saa kwa jua na kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane, basi. Tangu hapo kuna karatasi imebandikwa juu ya miksa (meza ya kuchanganyia sauti) na ninaomba na wewe uibandike: kuanzia saa 1 asubuhi mpaka saa 12 jioni unajumlisha 6, saa 1 usiku mpaka saa 5 usiku unajumlisha 18, saa 6 usiku ni 00:00, na kuanzia saa 7 usiku mpaka saa 12 asubuhi unatoa 6. Saa 3 usiku ni 21:00. Kwenye ratiba ya kurekodi hatuandiki tena "saa tatu", hata kwenye daftari la zamu tunaandika 21:00.

Siku nazo zinachanganya kuliko saa. Mtu anakwambia rekodi mkesha wa Ijumaa saa 8 usiku, wewe unaweka tiki kwenye Ijumaa. Hapana, kwa kompyuta hiyo ni Jumamosi 02:00, ukiweka Ijumaa itarekodi usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani mkesha haujaanza hata. Muulize mtu "usiku wa kuamkia lini" ndo uweke tiki. Na kipindi kinachoanza 23:45 na kuisha 00:15 usikiseti kwa saa ya kumaliza, kiseti kwa urefu, dakika 30, na ongeza dakika mbili tatu maana mgeni hakatwi katikati ya sentensi.

Kuna hii nyingine, kompyuta za mtumba. Tulinunua moja imetoka Ulaya, aliyeiseti akasogeza saa kwa mkono mpaka ikaonyesha saa ya hapa lakini ukanda wa saa (time zone) ukabaki wa Berlin, ikafanya kazi vizuri miezi kadhaa, alafu Jumapili ya mwisho ya mwezi Machi wenzetu wa Ulaya wakasogeza saa zao mbele na kompyuta yetu ikawafuata, vipindi vyote vikaanza saa nzima kabla. Kwenye Windows usitafute Dar es Salaam, chagua Nairobi, UTC+03:00 (masaa matatu mbele ya saa ya kimataifa), ni saa yetu hiyo hiyo. Kwenye Linux ipo, Africa/Dar_es_Salaam. Kama mna intaneti acha ijirekebishe yenyewe.

Upande wa programu, kama mnatumia Rivendell, programu ya kuendesha redio ambayo ni ya bure, ndani yake kuna RDCatch ya kupangia rekodi, hiyo inarekodi hata dirisha lake likiwa limefungwa. Ila kumbuka ukirudia kurekodi sehemu ile ile, ya leo inafuta ya jana, kwahiyo kitu cha kutunza kitoe mapema. Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, nayo ina kipengele cha kurekodi kwa muda, inatosha kwa redio ndogo, sharti kompyuta isiachwe ilale.

Sauti sasa. Ratiba inaweza kuwa sahihi alafu asubuhi unakuta faili ni kimya kitupu kwasababu mtu wa zamu alishusha feda (kile kitufe cha kusogeza cha kupandisha na kushusha sauti) ya ile laini kabla ya kuondoka. Sisi tumepeleka waya moja kwa moja kutoka kwenye redio kaseti ya kupokelea mpaka saundi kadi ya pili (kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta), haipiti kwenye miksa kabisa, hamna wa kuigusa. Kama unaweza kufanya hivyo fanya, ndo ushauri mkubwa nilionao kwenye hii makala nzima.

Nafasi ya diski haraka haraka: WAV ya kawaida, yaani faili la sauti lisilobanwa, inakula kama MB 10 kwa dakika, saa nzima ni zaidi ya MB 600, wakati MP3 ya 128 kbps, ambayo imebanwa, haifiki MB 60 kwa saa. Mazungumzo weka MP3.

Na kila rekodi isikilizwe na mtu kabla haijaenda hewani, mwanzo, katikati na mwisho, dakika moja tu. Sisi anayefungua studio saa 10 alfajiri ndo kazi yake ya kwanza. Akikuta kompyuta inaonyesha mwaka wa zamani baada ya umeme kukatika, ni ile betri ndogo ya duara iliyo ndani ya kompyuta inayotunza saa, CR2032, imeisha. Nunua mbili, moja weka kwenye droo.