Kwa dada aliyeuliza kama ni dhambi kumchoka mwanao

Dada, umesema jana ulimfungia mwanao chumbani ukakaa nje unalia, sasa unauliza kama ni dhambi kumchoka mtoto mwenye ulemavu wa akili. Ya dhambi muulize padri. Mimi wa kwangu ana miaka 12, ana Down sindromu, ulemavu wa akili wa kuzaliwa nao, tunaishi Pasua hapa Moshi, na nimeshafika hapo ulipo.

Kilichonimaliza si kumlisha wala kumwogesha. Ni geti. Akilikuta wazi anatoka, haogopi bajaji wala lori, anamfuata yeyote aliyemchekea. Mara ya tatu tulimkuta soko la Mbuyuni, kakalia gunia la vitunguu, anakula ndizi za watu. Tangu siku hiyo ufunguo nauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, hata kitandani. Bati likigonga usiku nashtuka, napapasa shingo. Miaka miwili hivyo. Asubuhi moja alimwaga uji, nikampiga na mwiko. Uji tu jamani! Akaniangalia, akaanza kuufuta kwa shati lake.

Halafu kuna Disemba. Wachaga mnaijua: ukoo wote umepanda kutoka Dar, pombe ya mbege ipo, na kila wifi ana lake, mara nilikula nini mimba ikiwa changa, mara nipelekwe kwenye maombi. Maombi siyapingi, nimepelekwa sana, ila hayafungi geti. Daktari alishatueleza ni kromosomu ya 21 ya ziada, inatokea mwanzoni kabisa mimba inapotungwa, haina uhusiano na chakula wala jicho la mtu. Mume wangu alikuwa anainamia kata yake ya mbege tu. Mwaka juzi nikamwambia, safari hii eleza wewe, hao ni dada zako. Akaeleza, kwa kubabaika, lakini alieleza. Nilienda migombani nikalia vizuri.

Sasa wewe tafuta mzazi mwenzako. Mimi nilimpata kwenye kitengo maalumu cha shule anayosoma mwanangu. Wa kwake ana kifafa pia, kwa hiyo alinifundisha cha kufanya akianguka. Jumamosi hii anabaki na wote wawili, ijayo zamu yangu. Kumwomba niliona aibu, nikazunguka wiki tatu. Siku ya kwanza nilipanga kwenda saluni kusuka. Sikufika. Nililala saa nne asubuhi nikaamka saa tisa, ufunguo uko shingoni kwa yule mwenzangu.