Kwa Anayeanza Stensili Kubwa: Kata Mwanga

Vijana wanaoniandikia kutoka Kondele na Nyalenda, hata Kakamega, karibu wote huuliza jambo moja: kopo la rangi ya kupuliza linapatikana wapi? Hilo lisubiri. Kama mtaani kwenu kuna msanii wa michoro ya ukutani, mwombe ukae kwake siku anayokata, si siku anayopuliza. Mimi huandika mabango ya maduka hapa Kisumu, na rafiki yangu hukata stensili, yaani karatasi zenye matundu ya kupulizia rangi ukutani, za sura za watu zinazofika ghorofa ya pili. Nikimtembelea hukuta makopo yamefungiwa; kazi yote iko sakafuni, manila zimeunganishwa kwa teipu, naye kapiga magoti juu yake na kisu.

Stensili mnazozitazama kwenye simu, za Blek le Rat aliyeanza Paris mwaka 1981 au za Banksy wa Uingereza, nyingi zimekatwa kwa kivuli: ukuta ni mweupe, rangi ni nyeusi, na kinachotobolewa ni sehemu za giza. Jaribu njia hiyo kwa sura ya mama muuza samaki wa Dunga uone. Programu ya simu ikigawanya picha kuwa nyeusi na nyeupe, ngozi yetu inaihesabu yote kuwa giza, na macho, mashavu na tabasamu vinazama humo. Mwenye kibanda mmoja aliwauliza waliomchora, "Mbona mmenipaka masizi?" Alikuwa na haki ya kuuliza.

Rafiki yangu huanzia upande wa pili. Kwanza hujaza umbo lote la kichwa kwa rola, kahawia iliyokolea, rangi ya maji ya kawaida. Kisha hukata mwanga tu: mng'ao wa paji, mgongo wa pua, mfupa wa shavu, ukingo wa mdomo wa chini. Tabaka linalofuata, yaani karatasi nyingine juu ya ile ya kwanza, ni la mwanga mkali zaidi, lenye matundu madogo zaidi. Nyeusi huja mwisho, haba, kwenye nyusi, mboni na nywele. Zaidi ya sura kutokea, karatasi yenyewe hubaki imara, kwa sababu matundu ya mwanga ni madogo na yameachana. Ukikata kivuli, kila mara kuna kipande kinachobaki bila cha kukishika, mfano weupe wa jicho au tumbo la herufi O, na lazima ukiachie madaraja, yaani vijiti vya karatasi vya kukishikilia.

Mwanga huo hautoki kwenye kisu, unatoka kwenye picha. Mpige mtu picha asubuhi au jioni, jua likimjia ubavuni. Jua la saa sita humpiga utosini na kumwachia mashimo ya macho. Flashi ya simu huufanya uso bapa. Halafu finya macho uitazame picha. Kinachobaki kuonekana ndicho cha kukata.

Kukuza hakuhitaji mashine. Chora miraba ya sentimita 2 juu ya picha na ya sentimita 40 kwenye manila. Picha ya sentimita 15 kwa 20 inakuwa mita 3 kwa 4. Kila karatasi ipe namba, na pembeni uitie alama za msalaba zitakazolingana na alama za chaki ukutani. Usipofanya hivyo, tabaka la pili litahama na mng'ao wa pua utaangukia shavuni.

Ukuta mpya wa plasta uache wiki 4 ukauke. Wa zamani ubandike seloteipu, uibandue kwa nguvu: ikitoka na chokaa, kwangua kwanza. Anza kazi mapema, maana mchana upepo wa ziwa huingia mjini na manila ya mita 2 inageuka tanga, wewe ukiwa juu ya ngazi. Kopo lishike sentimita 15 hadi 20 kutoka ukutani, likiuelekea ukuta moja kwa moja, na upulize kidogo kidogo. Rangi ikizidi hupenya chini ya ukingo na mstari wote unaota ndevu. Barakoa za kitambaa hazizuii mvuke wa rangi. Nunua ile yenye vichujio vya mkaa, hata kama itakubidi uahirishe rangi ya tatu.

Ruhusa iwe ya maandishi, tena ya mwenye jengo. Mpangaji wa duka hana ukuta wa kukupa. Jina la biashara likiingia kwenye mchoro, ulizia kaunti kwanza, kwa sababu hapo umeingia kwenye matangazo, na matangazo yana kibali na ada. Unapotaja bei, hesabu na siku za kukata. Wateja wengi huona siku ya kupuliza tu, nao hutaka kulipia hiyo peke yake.

Ukikaribishwa kwa msanii, usiombe kopo. Omba kushika pembe ya karatasi wakati anapuliza. Hapo utaona mkono wake unavyokwenda. Na nenda na kisu chako, kwa kuwa chake hakiazimwi.