Mwanangu, wakwe zako wakalishe

Mwanangu mpenzi,

Meseji yako nimeisoma jana usiku na asubuhi hii nimeirudia. Unasema wakwe zako wanatoka Tanga mwezi wa saba, wanakaa wiki mbili, na kwa vile babamkwe wako alikuwa mwalimu wa historia anataka kuoneshwa vya kale, kwaiyo uwapeleke wapi hapo Leavenworth, Kansas, Marekani, na jirani zake. Vya kale hapo havikosekani, mji wenyewe umekaa mlangoni mwa kambi ya jeshi ya Fort Leavenworth iliyoanza 1827. Swali ninaloliona mimi ni jingine, utawakalisha wapi? Maana nakujua, umerithi kwa baba'ako, mgeni akija kwenu anazungushwa kama karani wa sensa, nyumba hii picha, nyumba ile picha, jioni miguu imevimba na hana cha kusimulia. Mimi siku zote nasema mgeni mkalishe, usimtembeze.

Haya, majina nakupa usije ukasema mama hajajibu. Ndani ya kambi kuna ile nyumba ya Rookery ya 1834, watu wanaishi humo mpaka leo, kwaiyo msimame barabarani msichungulie madirishani (baba'ako alichungulia). Kuna makumbusho ya jeshi la enzi za farasi, humo kuna gari la kukokotwa linalosemwa lilimbeba Lincoln alipokuja Leavenworth Desemba 1859, kabla hajawa rais, babamkwe wako hapo atapenda. Kuna makaburi ya wanajeshi ya tangu 1862. Mjini kuna makumbusho ya ile mashine ya farasi wa mbao wanaozunguka na watoto mgongoni, mashine yenyewe ya 1913, wakati wetu hayakuwepo, mjukuu wangu apande mara mbili. Lile jela la serikali lenye kuba mtaliona tu mkipita, usisimamishe gari, hakuna mgeni aliyepanda ndege mbili kuja kupigwa picha na jela. Na getini wanakagua watu, wageni wabebe pasipoti zao na wewe uulize mapema taratibu za pasi, sio mfike na gari limejaa watu mrudishwe.

Nje ya mji, Atchison ni nusu saa, alipozaliwa Amelia Earhart 1897, yule rubani aliyepotea na ndege yake 1937, nyumba ya babu na bibi yake iko juu kabisa inatazama mto Missouri. Topeka ni kama saa moja, pale kuna shule ya Monroe, ya watoto weusi peke yao enzi hizo. Kesi iliyoanzia hapo ndo ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani na 1954 ikaamuliwa kutenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Pale nenda asubuhi, ukae, usichanganye na safari nyingine.

Sasa nikuambie kwanini nang'ang'ania kukaa.

Tulipofika 1992 baba'ako kwenye kozi ya maofisa hapo kambini, wewe hata mwaka hujatimiza, wiki ya kwanza akanipeleka kuona njia ya Santa Fe na Oregon, zile za zamani za mabehewa ya kwenda magharibi. Nimevaa viatu vya kanisani. Tukafika kwenye mteremko wa majani, akanyoosha mkono, "ndo hii". Nikatazama. Korongo! Nikamwambia baba wewe, korongo kama hili si lipo nyuma ya shule kule Lushoto, na lile lina maji. Akanuna mpaka nyumbani, bado ananuna ukimkumbusha. Baadae yule mama wa familia yetu ya mjini (si unajua kila mwanafunzi wa nje alipewa familia ya kumshika mkono) akanirudisha palepale, akatandika blanketi, akamimina chai ya kwenye chupa, tukakaa. Kwa Kiingereza cha polepole akanielekeza, chini kule mtoni meli zilishusha mizigo, mabehewa yakafungwa ng'ombe, yakapanda hapa, mamia na mamia, mpaka ardhi ikazama. Nilikaa pale saa nzima na korongo likawa barabara. Mgeni mkalishe.

Ila mimi mwenyewe kuna siku sikukaa, na hii sijui kama nimewahi kukuambia yote.

Kuna sanamu ya askari mweusi juu ya farasi, ya wale walioitwa Buffalo Soldiers. Kikosi cha 10 cha farasi kiliundwa hapohapo Fort Leavenworth 1866, wengine walikuwa watumwa juzi tu, wakapangiwa kupiga hema sehemu ya majimaji, wakaugua wengi. Jenerali Colin Powell, yule mweusi aliyekuja kuwa mkuu wa majeshi ya Marekani, alipofanya kazi hapo mwanzoni mwa miaka ya 80 akakuta kumbukumbu yao ni vichochoro viwili tu vimepewa majina ya vikosi vyao, akaanza kudai kitu cha maana, na Julai 1992 akaja mwenyewe kuizindua. Sisi tulienda Oktoba, Jumapili, majani yamekuwa mekundu. Baba'ako anaizunguka sanamu na kamera, wewe nimekufunga mgongoni kwa khanga. Kwenye kiti kulikuwa na mzee mmoja mweusi, mkongwe, kofia ameweka pajani.

Akanisemesha. Kiingereza changu unakijua cha wakati ule, nilikuwa naitikia yes hata nikiulizwa jina. Akaona sielewi, akanyanyua mikono yote miwili akanionesha vidole kumi. Alafu akaanza kusugua hewa, polepole, kutoka juu kushuka chini, akapiga kofi moja kama anampiga mnyama ubavuni asogee, akasugua upande wa pili. Nikaelewa farasi. Alikuwa anasafisha farasi. Akacheka, na mimi nikacheka. Alafu akakuona wewe unachungulia begani, akafungua mikono, nikupe akubebe.

Nikarudi nyuma hatua mbili.

Baba'ako alikuwa ametuonya tangu uwanja wa ndege, huku mtoto hapewi mtu, mtoto wa mtu haguswi, ukikosea utaitiwa polisi. Mzee akairudisha ile mikono magotini, wala hakukasirika, akasema kitu sikukishika. Baba'ako akaja, twende, tukaenda. Tumefika kwenye gari namwonesha vile vidole kumi na kule kusugua ndo akashika kichwa, akasema mama wee huyo alikuwa wa Kikosi cha 10 chenyewe, miaka ya 30 walikuwa hapa kambini wanatunza farasi wa shule ya maofisa, kwanini hukuniita! Yani mimi ndo sikuita. Tulirudi Jumapili mbili tatu zilizofuata, hatukumkuta.

Sasa sisemi baba'ako alikosea. Alikuwa na mke mshamba na mtoto mchanga kwenye nchi ya watu, angefanyaje. Na mimi pia nina mdomo, ningeweza kumwita, au ningekaa tu pembeni ya mzee na wewe mapajani kwangu, hakuna sheria iliyokataza kukaa. Ila aliyesema mtoto hapewi mtu alikuwa nani? Alaa. Nilijiapiza hukumu kwenye hili sitoi na sitoi, lakini ukiniuliza kwa simu baba'ako akiwa kanisani nitajibu. Saa hivi kasimama mlangoni anauliza naandika gazeti au barua, na anasema nisisahau kukuambia kuwa Kagame naye alikuwa kozi hiyohiyo 1990, vita vya kwao Rwanda vilipoanza Oktoba akaacha masomo akarudi, mwambie babamkwe wako. Haya nimekuambia.

Kwaiyo siku ya sanamu iwe siku ya sanamu peke yake. Chukua chai ya kwenye chupa, mamamkwe wako avae raba, na mjukuu mfunge na ile khanga nyekundu, najua atasema anataka kigari chake. Mtu mzima akinyoosha mikono wewe angalia mwenyewe, mimi simo.

Na kile kiti kama bado kipo nipigie picha. Picha za sanamu ninazo, baba'ako alizipiga filamu nzima.

Mama yako