Jibu kwa dada aliyeuliza kuhusu binti yake: "Shule wanasema ana kiburi, nyumbani haongei"

Dada mleta mada, pole sana. Mnivumilie wadau, nitaandika kirefu.

Kwa wanaoingia sasa: dada yupo Ohio, binti yake ana miaka 14 na ndiye mkubwa kati ya wanne. Zamani alikuwa wa kwanza kusimama kanisani kusoma Neno. Sasa kaacha kwaya, anajifungia chumbani, na shule imeshamwita mama kwamba mtoto ana kiburi. Mashangazi wanataka apelekwe kwenye maombi, na humu kuna walioshauri arudishwe Dar kwa bibi akanyooke. Dada anauliza kama hii ni sonona (ugonjwa wa huzuni, "depression"), na bado anatamani binti awe kiongozi.

Mimi nipo Lexington, Kentucky. Nafanya ukalimani wa Kiswahili mashuleni na kwenye kliniki, na Jumamosi nakaa na mabinti kwenye ukumbi wa kanisa letu. Wengi ni watoto wa Kikongo waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, wachache wa kwetu Tanzania na Kenya. Ya kazini siyasemi, ni siri za watu. Haya ni ya mpwa wangu na ya hao wa Jumamosi.

Hicho "kiburi" usikibebe kama kilivyo. Mwaka 2017 watafiti wa chuo cha sheria cha Georgetown walitoa ripoti kuhusu namna watu wazima Marekani wanavyowaona watoto wa kike weusi. Waliohojiwa waliwaona kama wameshakua, hawahitaji sana kulindwa wala kubembelezwa ukilinganisha na wasichana weupe wa umri uleule, na hali hiyo ilianza tangu miaka 5. Kwa hiyo mtoto wa Kizungu akinuna darasani ataulizwa kimemsibu nini, wa kwako akinuna anaandikiwa ripoti. Ongeza na malezi yetu: tumemfundisha asimkazie macho mkubwa akisemeshwa, na huku mwalimu akiona mtoto kainamisha kichwa anajua kadharauliwa.

Lakini na sisi nyumbani tujitazame. Umeandika mwenyewe kwamba "ananisaidia kila kitu, ni kama mama mdogo." Mpwa wangu alikuwa hivyo hivyo. Siku moja nimefika kwao nikamkuta jikoni, mdogo wake kambeba kiunoni, ugali upo jikoni unachemka, simu kaiweka sauti ya juu anabishana na watu wa umeme kuhusu bili. Miaka 13. Mama yake kakaa pembeni anamwangalia mdomo, "wanasemaje?" Akajibu "wametuongezea wiki mbili," akachukua mwiko akaendelea kusonga. Wageni sebuleni wakasifia, huyu ni kiongozi kabisa. Nilimtazama usoni, hakucheka. Shule wanamhesabu mtu mzima, nyumbani naye ndiye mtu mzima. Sasa utoto wake ataufanyia wapi? Na anayesifiwa kila siku kwamba ni jasiri ataanzia wapi kusema amechoka?

Ndiyo maana naona umpunguzie mzigo kwanza, ushauri mwingine utafuata. Simu za bili, barua za ustawi wa jamii, miadi ya daktari, mtoe humo. Na kwenye kikao cha shule usikubali yeye awe mkalimani wako. Omba mkalimani, ni juu ya shule kumleta na hulipi kitu. Mpwa wangu aliwahi kutafsiri kikao chake mwenyewe. Mwalimu kaongea dakika nzima, mtoto akamgeukia mama yake: "Anasema nijitahidi hesabu." Basi. (Na mimi ningekuwa na miaka 13 ningesema hivyo hivyo.)

Kuhusu sonona yenyewe. Kwa umri huo si lazima aonekane analia. Mara nyingi hutoka kama hasira, kujibu mkato, kuumwa tumbo au kichwa kisichoisha, kulala mchana kutwa na kukesha usiku, kuacha alichokuwa anakipenda. Wala si wako peke yake: takwimu za 2021 za CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, zilionyesha wasichana 57 katika kila 100 wa sekondari Marekani walikuwa na huzuni au kukata tamaa kwa muda mrefu. Mpeleke kwa daktari wake wa kawaida, kuna fomu fupi ya maswali wanayojaza vijana, halafu mwache aongee na daktari wewe ukiwa nje. Ikithibitika, uliza shule kuhusu mpango wa 504, yaani makubaliano ya kumsaidia mwanafunzi mwenye ugonjwa au ulemavu, unaweza kumpa ruhusa ya kutoka darasani kwenda kwa kaunsela bila kuandikiwa kosa. Maombi yaendelee, sijasema msiombe.

Na muulize waziwazi kama ameshafikiria kujiua. Najua ulimi utakuwa mzito. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ficha dawa, piga 988, namba ya Marekani ya msaada kwa wanaofikiria kujiua, ni bure saa 24. Ukiwaambia "Swahili" wanakuunganisha na mkalimani.

Uongozi unaoulizia sijaukatalia. Pale Jumamosi mabinti ndio wanaopanga ajenda, na anayeongoza ana haki ya kusema "leo siwezi" akamwachia mwenzake, hakuna anayemuuliza kwa nini. Niliwasimulia habari za Simone Biles, yule mwanamichezo wa jimnastiki wa Marekani, alivyojitoa kwenye fainali ya Olimpiki Tokyo 2021 dunia nzima ikimtazama, na Paris 2024 akarudi kuchukua dhahabu. Walibishana saa nzima kama alifanya sawa, mimi nimekaa kimya. Mazungumzo yenyewe hasa hutoka wakati wa kusukana. Mtu kakaa chini kakupa kisogo, wewe vidole vipo kwenye mistari, hapo anasema mambo ambayo usoni asingekwambia.

Mwaka jana walimwandikia mkuu wa shule barua, wenyewe, kwamba wanatolewa kwenye kipindi cha hesabu kwenda kuwatafsiria wanafunzi wapya na wanabaki nyuma. Alikubali nusu: kwenye vipindi vikuu hawaitwi tena, ofisini bado wanaitwa. Wanajipanga kwa barua ya pili. Mpwa wangu hakuwa msemaji, alichagua kuhariri tu.

Kumrudisha Dar, hapana, angalau si sasa na si kama adhabu. Atafika kwa bibi na ugonjwa uleule, lugha ya darasani imempiga chenga, na ameshajua kwamba akiumwa anafukuzwa. Na kwaya mwache kwanza. Mwimbishaji akiuliza, mwambie anapumzika, akitaka kurudi atarudi mwenyewe, na asipotaka mtafutieni mwingine wa sauti ya kwanza.